Bibi Aliyeukalia Mtungi wa Mbegu

"Bibi, ng'ombe akishazaa, nani anauambia mwili wake kwamba sasa imetosha, pumzika?"

Mjukuu wake wa mwisho alimuuliza hivyo akiwa na miaka sita, amesimama na ndoo mlangoni pa zizi. Marehemu bibi yake alikuwa ameingiza mkono mpaka begani ndani ya ng'ombe. "Toka kwenye mwanga," alisema. "Nitakujibu nikitoa mkono." Mkono ulitoka, jibu halikutoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi viatu na mkewe. Shuleni alikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kutii, walimu wakambandika jina la Mama Hapana, nalo likamganda mpaka leo. Mwaka 1971 alijiunga na chuo cha mifugo. Wasichana walikuwa wawili tu darasani, na mkufunzi alipowaambia wakae nyuma wasije wakazimia, yeye alisogeza kiti mbele.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika shamba kubwa la maziwa, kazi yake kuwapandikiza ng'ombe mbegu za dume zilizogandishwa mtungini. Mwaka uliofuata alifunga ndoa na dereva wa gari la maziwa, ambaye hadi leo husema alioa mke na komeo la mlango kwa pamoja. Walijaliwa watoto watatu.

Kisha shambani akaja meneja mpya na haraka zake: ng'ombe akizaa tu, apandikizwe tena, asiyeshika mimba, kwa mchinjaji. Zamu ikamwangukia ng'ombe aitwaye Kidoti, aliyekuwa amezaa wiki chache tu nyuma, maziwa tele, mbavu nje. Marehemu aliufunga mtungi wa mbegu, akaukalia.

"Mama, inuka," meneja alisema.

"Siinuki."

"Ng'ombe mwenyewe hana hata dalili ya joto la kutaka dume. Huyo tasa! Apandikizwe leo au aende kwa mchinjaji."

"Homoni za mimba zimeshuka juzijuzi. Mji wa mimba haujarudi udogo wake, mayai bado yamelala, na maziwa yote hayo anayatoa kwenye mafuta ya mgongoni mwake. Wewe ungekuwa na hamu?"

Wakamuaji waliangua kicheko. Jioni hiyohiyo akafukuzwa kazi. Badala ya mshahara wa mwisho alimdai Kidoti, akaondoka naye kwa miguu kupitia lango kuu, katikati ya barabara, magari yakipiga honi nyuma yao. Alimlisha, akamsubiri. Joto la kwanza lilipita kimyakimya, kama lipitavyo kwa wengi waliotoka kuzaa. Lililofuata, Kidoti aliamsha mtaa mzima kwa kulia. Alizaa tena mara sita. Wafugaji wakaanza kumfuata marehemu nyumbani. Hakupatia kila mara: ng'ombe mmoja aliyemtetea alikuwa tasa kweli, na marehemu akamfuga mpaka uzeeni, kwa ubishi tu.

Mwaka 2009 binti yake wa mwisho alijifungua kwa upasuaji. Mshono haujakauka, mama mkwe akaja na maneno: "Bado umelala? Amka bwana, huyu tumtafutie mdogo wake mapema."

Marehemu alisimama mlangoni na viatu vyake vya mpira. "Mama mwenzangu, ng'ombe wa watu nimewapigania mpaka nikakosa kazi. Sembuse mwanangu?"

Mgeni alimaliza chai yake, akaaga. Kichanga cha siku hiyo ndiye yule mwenye ndoo na swali.

Mwaka jana moyo wa marehemu ulianza kuchoka. Daktari alimkataza kwenda zizini, akajibu, "Sawa," neno ambalo nyumbani hatukulizoea kinywani mwake. Kesho yake alikutwa zizini. Alifariki hospitalini alfajiri ya tarehe 2 Juni 2025.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na ng'ombe wawili, mmoja amezaa juzi. Mtu asije akatuuliza atapandishwa lini. Mama Hapana apumzike kwa amani, wala asiharakishwe na yeyote.

Jibu lilikuja wiki yake ya mwisho, wodini, bila kuulizwa tena. Alimvuta yule mjukuu sikio mpaka karibu na mdomo wake.

"Hakuna anayeuambia. Mwili unajua wenyewe. Wewe kazi yako ni kuukalia mtungi."