Filamu ya Waliotenganishwa

Kwenye tramu, treni ya barabarani, ya kwenda kitongoji cha Angered, mbele yangu alikaa mama wa makamo amepakata mabango ya filamu aliyoitengeneza. Ilihusu wazee wanandoa wanaotenganishwa: mmoja anapelekwa nyumba ya kulelea wazee, mwenzake anabaki peke yake. Jumanne madiwani wangeupigia kura utaratibu huo.

Mzee aliyekaa jirani yake alisoma bango, akaguna. "Filamu! Watu watalia, watapenga kamasi, kisha watakwenda kunywa kahawa."

"Ndiyo maana siwaonyeshi watu wa sinema, mzee wangu. Nawaonyesha madiwani wenyewe, humo humo ukumbini mwao, saa moja kabla ya kura. Madiwani wa mji wa jirani waliiona, wakabadili msimamo."

"Hawa wa kwetu wana ngozi ya kifaru."

"Kifaru naye ana macho." Kifaru haoni vizuri, lakini sikutaka kuingilia.

Tulipita vituo viwili, mzee akilisoma bango tena. Kisha akasema mkewe, Gunvor, yuko kwenye nyumba hizo tangu Pasaka, naye huenda kila siku kumlisha. "Miaka hamsini na miwili tumelala kitanda kimoja. Sasa naagwa mlangoni kama mgeni."

Mama hakumpa pole. "Njoo Jumanne, ukae mstari wa mbele."

"Mimi silii mbele za watu, binti."

"Usilie. Wewe wageukie tu madiwani, uwatazame wao filamu ikiendelea."

Tramu ikasimama. Mzee alishuka, akageuka. "Saa ngapi?"

"Saa nane!" mama alipaza sauti, mlango ukijifunga. Sijui kama alisikia.