Mubirizi Kwenye Makopo

Mwezi wa saba Kasulu baridi haina adabu. Upepo unashuka kutoka Heru Juu alfajiri, unapita sokoni bila hodi, halafu unakuja kumalizia hasira zake kwenye benchi la Gharibu muuza kahawa. Wateja wake wa asubuhi ni watatu. Wa kwanza Athuman mwenye duka la vitenge, jina la benchi Bandari, maana kila neno lake linaanzia Tanga. Wa pili Leonidasi, Muha wa hapa hapa, aitwaye Bwana Miti kwa kuwa aliwahi kuwapikia mabwana misitu, akadhani elimu yao ilimwingia kwa mvuke wa sufuria. Na wa tatu Nsabimana, aitwaye Kesho. Huyu alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, na tangu hapo umuulize habari ya bati, ya shamba, ya chochote, jibu lake ni moja: kesho narudi kwetu. Sasa ni tisini na tano. Leo amefika macho mekundu, hata utani hana.

— Mwakeye, Kesho. Mbona hivyo? — Gharibu alimuuliza akimsogezea kikombe.

— Mwakeye. Mmoja umekufa, — alisema Nsabimana. — Baridi ya jana. Imebaki miwili.

Hakuna aliyeuliza mmoja wa nini. Benchi zima linaijua ile miche ya mubirizi, kichaka cha majani machungu kinachotibu homa. Mama yake Nsabimana ndiye aliyezungushia mibirizi nyumba yao kule Ruyigi, Burundi. Mama alifariki mwaka tisini na tatu, na kabla matanga hayajaisha, vita ikaingia. Jeanne, dada yake Nsabimana, akakimbilia huku na vijiti alivyovunja kwenye ua ule, kavifunga mgongoni pamoja na mtoto. Nyumba ilichomwa, ua ukachomwa. Kilichobaki cha mama kiko mlangoni kwa Nsabimana, kwenye makopo ya maziwa.

— Pole, ndugu yangu, — alisema Leonidasi. — Ila uliufunika vibaya. Mche hauvikwi gunia mpaka utosini. Unaukinga kwa majani ya migomba, upande wa upepo tu. Mabwana misitu walifanya hivyo Gwarama, niliona kwa macho yangu.

— Nimekinga.

— Basi nyasi kavu shinani.

— Nimeweka.

— Na samadi?

— Nimeweka vyote, Leonidasi!

— Acheni kamba, — aliingilia Athuman. — Kule kwetu Tanga...

— Tanga kuna baridi? — Gharibu alimkatiza.

— Haipo, ndiyo maana tunaijua ikija. Sikilizeni. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Inamisha mche, ufunge kwenye kigingi, ulale chini kabisa. Upepo ukija utapita juu, utadhani hapa hakuna mtu.

— Methali hiyo ni ya watoto! — alipinga Leonidasi.

— Na mche ni nani? Si mtoto wa mti?

Leonidasi akapiga goti lake kwa kiganja.

— Wewe unamdanganya mwenzio. Mimi nasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hii miche imedekezwa! Iache nje uchi, imwagie maji ya baridi alfajiri, izoee. Jeshini ndivyo wanavyofanya.

— Ife ndiyo izoee? — Nsabimana alimuuliza.

— Ikifa ikiwa imezoea, haioni uchungu.

— Toba! — Gharibu alicheka mpaka birika likatikisika. — Haya, na mimi niseme. Baridi humpata aliyelala. Mche nao hulala usiku. Umwagie mashapo ya kahawa shinani uone. Utakesha macho kodo, baridi itaingilia wapi?

— Asubuhi utaamka umekunja uso kama wewe, — alisema Athuman. — Bwana Kesho, nisikilize mimi. Ingiza makopo chumbani, lala nayo.

— Nalala nayo. Hiyo miwili, toka usiku wa jana. Mke wangu Esteri kahamia mkekani.

Wakacheka wote, na Nsabimana akacheka nao, lakini moyo ulikuwa unamuuma. Alitaka kuwaambia kwamba akifikicha jani moja tu la ule mubirizi, mama anarudi: mkono wake mgumu umemziba pua, kikombe cha dawa kiko mdomoni, na sauti inasema meza, mwanangu, meza. Mwanamume mzima, mvi kichwani, analilia dawa aliyokuwa akiitema. Utamwambia nani akuelewe?

Hapo akatokea Mwanaheri, mtoto wa dada yake Athuman, aliyewasili kutoka Ujiji wiki ile ile.

— Shikamooni. Mjomba, naomba ufunguo wa duka.

Athuman akaanza kujipapasa mifukoni. Binti akasimama kusikiliza, kisha akamgeukia Nsabimana.

— Samahani, baba. Hiyo miche kwa nini usiipande chini? Kopo la bati si linaingiza baridi pande zote?

Wanaume wakainamia vikombe vyao. Walijua. Miaka miwili walikuwa wakilizunguka neno hilo kwa magunia na methali. Kwa Warundi, na kwa Waha vilevile, mtu akipanda ua wa miti mibichi ametangaza kwamba hapa ndipo kwake. Ndiyo maana nyumba ya Nsabimana, miaka yote, ina ua wa mabua. Kopo unalibeba kichwani siku kwenu kukitulia. Mti uliokwishapandwa haubebeki.

— Nikiipanda itashika, — alisema mwishowe, taratibu.

— Si ndiyo vizuri, baba?

Leonidasi akaitazama barabara ya Manyovu, ile iendayo mpakani. Athuman akatoa ufunguo bila kuitaja Tanga. Mwanaheri akaupokea kwa mikono miwili, akaenda zake akidhani amekosa adabu.

Gharibu aliinamisha birika. Likatoa tope.

— Imeisha, jamani.

Nsabimana akasimama, akafunga koti. Wenzake walingoja lile neno lake la siku zote.

— Hayo mashapo usiyamwage, Gharibu. Nifungie.

— Ya kumwagia kwenye makopo?

— Ya kutia shimoni. Nyuma ya nyumba, kati ya migomba, upepo haufiki. Leonidasi, jembe lako lipo?

— Lipo. Nitakuletea kesho.

— Leo, — alisema Nsabimana.