Birika Lililogeuzwa

Kijiwe chetu hapa Longton, mji wa Uingereza unaoishi kwa vyombo vya udongo, ni benchi moja mbele ya dirisha la chai la Beryl, karibu na stesheni. Ukipewa kikombe hapa, unakigeuza kwanza uone chini kimetoka kiwanda gani, ndipo unywe. Ndivyo tulivyolelewa, hata harusini tunageuza sahani. Asubuhi hiyo Neville, tunayemwita Birika kwa kuwa mabirika ndiyo anayotengeneza, alikuja na karatasi mkononi, uso umemshuka. Wiki iliyopita maofisa wa biashara ya nje walimletea mnunuzi kutoka Osaka kule Japani, Bwana Hamaguchi. Oda yake ikikosekana, Ijumaa kiwanda cha Neville kinafungwa na watu sita wanarudi nyumbani.

— Ameandika: "Tunashukuru kwa ukarimu wako. Tutalifikiria," Birika akasoma.

— Safi sana! Si anafikiria? akasema Kapteni, aliyewahi kukaa siku tatu bandarini Hong Kong.

— Safi nini wewe? Kwao hiyo ni hapana yenye adabu.

Aliyedakia ni Balozi. Alihudhuria semina ya siku mbili juu ya masoko ya Asia ya Mashariki, na beji yake hajaivua mpaka leo.

— Birika, kadi yake ya biashara uliipokeaje?

— Kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha.

— Ukaiweka wapi?

— Mfuko wa nyuma. Kisha tukakaa.

— Ebo! Umelikalia jina la mtu!

— Kadi wapi! Kapteni akapinga. Ni mdomo wa birika. Ulimwelekea yeye, sivyo? Mdomo ukimwelekea mgeni, biashara imekufa.

— Nani kakwambia?

— Hong Kong nzima inajua.

— Mtu wa Osaka huyo, bwana!

— Bahari si ile ile? Haba na haba hujaza kibaba.

— Sasa hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia kwa bahari.

Mimi nami sikutaka kupitwa. Nikasema huyo si mnunuzi, ni jasusi. Kalipima birika kwa macho, na saa hizi huko kwao yanatoka elfu kwa siku. Balozi akaitikia kwa kichwa kama kwamba semina ilimwonya.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Kapteni akasema.

— Mwenyeji hajapona, Birika akajibu. Jamani, yule mtu alinyamaza! Kaligeuza birika juu chini, akalitazama dakika nzima. Kimya. Nami kimya sikiwezi. Nikapunguza bei. Kimya. Nikapunguza tena. Kimya! Nikamwambia kama bado ni ghali, maua ya birika tutayapiga chapa kwa mashine. Akafunga daftari, akainama, akaenda zake.

Pale dirishani alikuwa amesimama Maureen, ambaye ameyachora maua hayo kwa mkono kwa miaka thelathini na mmoja. Hajawahi kukaa kijiweni kwetu. Alikuwa amesikia yote, na mimi nilimwonea haya hata nikatazama viatu vyangu. Beryl akampa kikombe kitupu. Maureen akakigeuza, akasoma chini, akakirudisha kimiminiwe chai.

— Neville, mwanangu, akasema polepole. Yule mgeni alipoligeuza birika, alikuwa anasoma nini?

Chini ya kila birika la Neville, kwa wino wa buluu, pameandikwa kwa mkono jina la Maureen: M. Tunnicliffe. Hakuna mtu Longton asiyelijua hilo.

Birika akawa mwekundu mpaka masikioni. Akachomoa ile kadi mfuko wa nyuma, imekunjamana, akainyoosha juu ya goti kwa viganja viwili.

— Osaka saa hizi ni saa ngapi? akauliza. Nataka kumwambia maua yatabaki ya mkono wa Maureen.

Wote tukamgeukia Balozi. Akaishika beji yake, akaivua taratibu, akaitia mfukoni.

— Huko semina haikufika, akasema.

Birika alikuwa ameshainuka, simu sikioni, na chai yake hajaigusa.