Rambirambi za Kiingereza

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi alikaa mshonaji mmoja aliyefiwa na mumewe juma lililopita, mguu umefungwa bandeji. Akamwonyesha jirani yake simu. "Kaka, kazini kwa marehemu wameniandikia Kiingereza. Wanasemaje?"

Kumbe kamuuliza mwalimu wa Kiingereza. Tai ikanyooshwa, koo likasafishwa. "Wanasema msiba wako umewagusa sana. Lakini si kugusa kwa mkono, dada. Maneno yao ya kugusa huanzia vidoleni. Hata neno lao la kuhisi, zamani lilikuwa kupapasa tu. Karne hadi karne yakapanda mpaka moyoni."

"Yalipofika huko, mikono yao ikakosa kazi? Maana mume wangu kawatumikia mpaka mvi, na hakuna hata mmoja aliyekanyaga msibani kunipa mkono wa pole."

"Hiyo ni maana halisi. Mimi nakueleza sitiari."

"Basi hiyo sitiari ingekuja kubeba jeneza."

Mwalimu akatabasamu kama anayemhurumia mjinga, akaanza upya kutoka vidoleni. Basi zima tukasomeshwa bila kuomba.

Tulipofika kituoni, mshonaji akajikongoja hadi mlangoni. Ngazi ilikuwa juu mno kwa mguu ule. Mwalimu alikwisha kushuka, mshonaji akamnyooshea mkono ili amshike. Mwalimu akautazama, akabana mkoba wake kwapani.

"Pole sana, dada," akasema. "Kwa kweli habari yako imenigusa."