Jaji Aliyeitetea Rekodi Namba Kumi na Saba

Dada yetu mkubwa, ambaye wengi hapa mlimwita Bi Sikio, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, wa kwanza kati ya watoto wanne wa baba fundi wa piano na mama mshonaji. Tuliishi nyuma ya karakana ya baba, na dada alijifunza kupiga kwenye piano za watu zilizoletwa kutengenezwa.

Alimaliza sekondari mwaka 1969, akahitimu chuo cha muziki mwaka 1973, kisha akafundisha piano kwa miaka thelathini na minne. Wanafunzi walimwogopa mwezi wa kwanza. Baada ya hapo walimganda kama ruba.

Tarehe 9 Septemba 1978 aliolewa na fundi mitambo wa redio. Wakati wa uchumba, shemeji alimletea santuri ya piano. Dada aliisikiliza hadi mwisho, akairudisha na karatasi ya maksi. "Zawadi yangu ilipata sita kwa kumi," shemeji husema mpaka leo, "nikaoa hivyo hivyo." Walijaliwa mabinti wawili.

Kuanzia mwaka 1991 alikuwa jaji wa shindano la piano. Washiriki walituma rekodi za muziki mgumu kweli, ule wa vidole kukimbia na mikono kupishana, na majaji watano walizisikiliza kwa namba tu, bila majina. Mwaka 1996 wenzake wanne waliitupa namba kumi na saba kwa kuwa ilikuwa inaruka noti. Marehemu aliisikiliza mara tisa.

"Inayokosekana ni noti ile ile moja, kila mara," aliwaambia. "Kitufe ndicho kibovu. Mikono ni mizima."

"Mama, sheria ni kuhukumu tunachosikia," mwenyekiti alimjibu.

"Basi mmeihukumu piano. Mpigaji bado."

Akaweka barua ya kujiuzulu mezani: mpigaji aitwe, apewe piano nzima, na akiharibu, dada mwenyewe aondoke. Siku nane baadaye alikuja muuguzi wa miaka ishirini na mitatu, aliyekuwa akijifunzia kwenye piano kuukuu ya ukumbi wa hospitali. Alipiga dakika kumi na mbili bila kuruka noti hata moja. Wa kwanza kusimama na kupiga makofi alikuwa mwenyekiti, kisha akaichana ile barua kwa mkono wake. Muuguzi alitwaa tuzo ya kwanza, na leo yeye ndiye anayeongoza majaji hao.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Wodini alivaa hedifoni, akaendelea kutoa maksi. Daktari alipomwomba apumzike, alisema, "Nimepumzika tangu asubuhi, mwanangu. Wamebaki sita tu." Aliwamaliza wote sita tarehe 2 Juni 2023. Alifariki tarehe 5, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, sisi wadogo zake watatu, na wanafunzi wasiohesabika.

Dada, umeimaliza kazi yako, na umeimaliza vizuri. Pumzika kwa amani.