Mutoto Anasema wa Kwanza

Wapendwa wa Mungu, mwenye kuongoza ibada ameniomba niseme kwa ufupi. Sitasema kwa ufupi. Mwenye aliacha sufuria ku moto arudi nyumbani, sitamukasirikia.

Miye munanijua. Masomo nilifika mwaka wa pili ya primeri, nikaacha, nikaenda Mongbwalu kuchimba zahabu wakati sijaota hata ndevu. Kila kitu nilipata, hii mikono ndiyo ilitafuta. Kule nilijenga nyumba ya matofali, mabati juu, na sakafu ya simenti ambayo mama watoto alikuwa anapangusa mpaka unajiona ndani. Hakuna mutu alinipa musumari moja. Nasema hivi ili mujue ni mutu wa namna gani alianguka.

Vita ikakuja. Sitasema nani alichoma nyumba ile. Hapa tunakaa benchi moja, watu wa kila upande, na tulipatana kutotaja majina. Basi iliungua.

Tukatembea kuja Bunia. Mukiniuliza safari ilichukua siku ngapi, sijui. Iko ndani ya kichwa yangu kama ndoto ya mutu mwenye homa. Vilima vinakuja pole pole, vinapita pembeni yetu, vingine vinakuja. Asubuhi ukungu ni mweupe, watu wanatoka ndani yake na magodoro ku kichwa, wanaingia tena, hakuna mwenye anasalimia. Nakumbuka mama mumoja tulimukuta iko anafagia. Hafagii kiwanja yake, anafagia barabara. Alisogea pembeni, akatupisha, na siye tukapita pale amefagia kama wageni wake. Mpaka leo sijui kama nilimuona ama nilimuota.

Bunia nayo haikuwa mbinguni, munajua wenyewe. Lakini udongo iko, maji iko, na miye najua kufanya tofali. Nikaanza kule bondeni, nikajenga tanuru. Moshi ilikuwa inatambaa chini asubuhi na mapema, inaingia mu miti ya kalitusi, haina haraka. Na miye nilikuwa natembea ndani yake sawa vile mutu hajaamuka bado. Nilikuwa nafanya kazi, nakula, najibu watu. Lakini roho ilikuwa ingali ku barabara.

Sasa nifike kwa mutoto.

Mutoto yangu wa kike, mukubwa, tulimuandikisha kwa masomo pale karibu. Zile kalasi zilikuwa zimebaki na matundu ya risasi ku mabati. Kila siku habari ni moja: mutoto analala. Mwalimu anaandika ku tablo, yeye analala. Wenzake wanaimba, analala. Mara ya kwanza nilimugombeza. Mara ya pili nikamunyamazia, maana alikuwa ananiangalia tu, macho mekundu, kama mutu anakusikia toka ng'ambo ya ziwa. Nikasema basi, masomo haimutaki. Dada yangu iko Mahagi-Port, anauzisha samaki ya chumvi. Nikatuma habari: nakuletea mutoto akusaidie. Dada akakubali. Tulingoja tu gari, njia ikiwa muzuri. Mama watoto alianza kufua nguo ya mutoto, na nguo ile ile alikuwa anaifua tena na tena, ni kama haitakauka.

Katikati ya hiyo, ikakuja habari ya reunio, mukutano ya wazazi. Mwalimu wa kalasi ile, mwanamuke, alipitisha neno kwa wazazi: kila mutoto atakaa na wazazi yake na mwalimu, mutoto mwenyewe ndiye ataongoza, ataonesha lengo yake, na wazazi watamusaidia kulenga.

Ndugu zangu, mumesikia ile neno? Siku hizi munacheka. Miaka ile ku barabara hii watoto walikuwa wanapita na bunduki ndefu kuwapita wao wenyewe. Kulenga ilikuwa na maana moja tu. Pale bondeni, kwa tanuru, wanaume waliacha udongo mikononi. Mumoja akasema, sasa wanakuja kuchukua watoto kupitia masomo. Mwengine akasema hatamuacha wake atoke tena nyumba.

Miye nilienda palepale, na matope ku miguu. Nikamukuta mwalimu peke yake, mabenchi tupu, na ku tablo ameandika kwa herufi nene: LENGO YANGU.

Nikamuambia, "Mama mwalimu, mutoto yangu halengi mutu. Na hakuna mwenye atamufundisha."

Aliangalia tablo. Aliangalia matope ku miguu yangu. Halafu akakaa ku benchi ya watoto, magoti juu, kama mutoto mwenyewe.

"Papa, sikuwaza hiyo," akasema. "Kwa Kifaransa tunasema objektifu. Nilitafuta neno ambayo kila muzazi atasikia."

"Wamesikia. Njo maana mabenchi iko tupu."

Alitaka kukasirika, nikaona, lakini kicheko ikamushinda. Tukaanza kutafuta neno. Akasema shabaha, nikamuambia hiyo ni mbaya zaidi. Akasema bi, ile goli ya mupira. Nikamuuliza, na mama zao, wenye hawajui mupira? Ile jua ya saa tisa ilikuwa inapita mu matundu ya mabati, inaanguka chini madoa madoa, na madoa ilikuwa inatembea pole pole ku sakafu, inapanda mabenchi, inashuka. Kisha akaniuliza, tulipokuwa tunatembea toka Mongbwalu, asubuhi watu waliulizana nini.

Sikuhitaji kuwaza. Tuliulizana, leo tunafika wapi?

"Hata siye," akasema. "Toka Kpandroma mpaka hapa, ilikuwa ile tu."

Sikujua kama naye alitembea. Alisimama, akafuta tablo na kitambaa ya kichwa yake, akaandika: NINATAKA KUFIKA WAPI? Nikarudi bondeni nikawaambia wanaume. Hakuna mwenye aliuliza maana yake.

Nilienda kwa reunio, lakini nisiwadanganye, nilienda kumuambia mwalimu kwamba mutoto anaenda Mahagi-Port. Tukafika, miye na mama watoto, mulango imefungwa. Wazazi wengine wakatuambia, piga hodi, njo sheria ya hapa. Miye, muzee muzima, nipige hodi kwa mutoto nilizaa? Mama watoto akanifinya mukono. Nikapiga hodi. Na sauti yake kutoka ndani, ile ambayo tangu Mongbwalu tulikuwa tunasikia kidogo kidogo tu, ikasema: karibuni.

Alikuwa anakaa ku meza ya mwalimu. Mwalimu alikuwa pembeni, ku mulango. Sheria ingine: mutoto anasema wa kwanza, wakubwa wananyamaza mpaka awaulize. Nyumbani kwetu mutoto hawezi kusema mbele ya baba. Nikafunga kinywa, lakini moyo ilikuwa inapiga kelele.

Nilifikiri atasema hesabu, atasema kusoma. Akaweka mikono ku meza, akasema, "Nataka kufika pahali nalala nimevua viatu."



Wapendwa, siye wote nyumba nzima tulikuwa tunalala na viatu. Tangu usiku ule wa Mongbwalu. Ilikuwa kawaida kama kunawa mikono, na kitu ya kawaida hauioni tena. Akaendelea, sauti ndogo, bila kulia. Kwamba usiku hasinzii, anasikiliza kama nitasema "twende", maana ile siku nilisema "twende" mara moja tu, na mwenye hakusikia alibaki.

"Hapa kwa masomo nalala," akasema, "maana mwalimu anasimamaka ku mulango."

Mwalimu akageuka kuangalia inje. Madoa ya jua ilikuwa ku mugongo wake.

Halafu mutoto akatuuliza, mumoja mumoja, ndiyo kazi ya reunio: utafanya nini ili nifike? Mama watoto akasema atakuwa anamushika mukono mpaka usingizi ikuje. Mwalimu akasema atamuachia kulala saa ya kwanza, bila kumuamusha, mpaka usiku wake upone. Ikabaki miye. Neno ya Mahagi-Port ilikuwa ku ulimi, tayari. Nikamuangalia pale ku meza kubwa, miguu haifiki chini, na ile viatu inaning'inia.

Nikasema, "Nitakaa ku mulango."

"Na weye papa, utalala wakati gani?"

Hapo nilianguka, ndugu zangu. Nyumba iliungua sikulia. Kwa ile swali ya mutoto nililia mbele ya mwalimu, mbele ya muke yangu, na sioni haya.

Tukapatana: nakaa ku mulango mpaka asinzie, kisha nalala. Na nyumbani kwangu neno "twende" tukaiondoa. Tukienda soko tunasema "haya, njooni". Shemasi wenu hapa, anajua, alikuja siku moja akasema twende kuomba, na watoto yangu wote wakamurudisha inje aingie tena na neno ingine.

Haikuwa haraka. Kwanza alifungua kamba ya viatu tu. Kisha kiatu kimoja. Mvua ilikuja ikaenda. Dada yangu wa Mahagi-Port nilimutumia neno kwamba mutoto haji, akakasirika, akapoa. Na asubuhi moja mama watoto aliniita pole, nikaona miguu ya mutoto inje ya blanketi, mitupu, imepanuka vidole, kama majani imepata maji. Tulisimama pale tu, tunaangalia. Bunia yote ilikuwa kimya kama imewekwa ndani ya pamba.

Namushukuru yule mwalimu, mwenye alifuta neno yake bila kununa. Namushukuru mama watoto. Nawashukuru wanaume wa tanuru, walichoma matofali yangu siku nilikuwa na usingizi. Na Mungu, mwenye alitufikisha.

Ninyi wazazi, wiki hii masomo inaita tena reunio. Nasikia wengine munasema mutoto hawezi kukaa ku meza na kuuliza wakubwa. Hata miye nilisema. Muende. Mupige hodi. Mukae ku benchi ndogo, munyamaze mpaka mutoto amalize, hata kama ile anasema haiko ile mulikujia.

Na mwisho, mwenye kuongoza ibada, nimekuona tangu asubuhi unaangalia benchi ya watoto, unataka kuniuliza mutoto yangu iko wapi leo. Iko nyumbani. Jua imeishapanda, kengele ililia, jogoo wa jirani walipiga kelele, na yeye iko analala tu. Miye sikumuamusha. Na mutu asiende kumuamusha.