Mama Rudisha Aaga Chumba cha Vipimo

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkaguzi wa malighafi wa kiwanda chetu cha dawa za mitishamba alivua koti jeupe na kustaafu. Wengi humjua kwa jina alilobandikwa na wachimbaji wa mizizi: Mama Rudisha. Hakulipenda, lakini hazikupita siku mbili bila kulistahili.

Alianza tulipokuwa na vyumba viwili na kinu cha mkono, dawa ya kikohozi ikipimwa kwa kijiko cha chai. Yeye ndiye aliyeleta daftari la vipimo, kisha mizani, kisha kipima unyevu, kisha maudhi. Gunia lililowahi kubeba mbolea lilirudi. Majani yaliyoanikwa juani hadi yakapauka yalirudi. Mizizi iliyoletwa na udongo wake, ati uzito uongezeke, ilirudi, na udongo ukafungwa katika mfuko wake peke yake, umeandikwa jina la mwenyewe.

Sisi wa uzalishaji tulikonda. Mitambo imesimama, hospitali zinapiga simu, naye anarudia kipimo kwa sababu cha kwanza na cha pili vimekubaliana haraka mno. Ukimsihi, alijibu bila kuinua macho kwamba mgonjwa hanywi haraka yako. Ni kweli, hakuna chupa yetu hata moja iliyowahi kurejeshwa. Ukweli huo haukutuondolea maumivu ya kichwa.

Kilichotushinda kabisa ni habari ya kaka yake. Mzee huyo, tabibu wa mitishamba, ndiye aliyetuonyesha mzizi wa dawa ya kikohozi, na ndiye aliyetuletea tangu mwanzo. Mwaka jana mdogo wake alimrudishia gunia: unyevu asilimia kumi na tatu, na ukizidi kumi mzizi huota ukungu. Akaleta jingine, likarudi. Mzee akasema aliyebebwa mgongoni hamwambii aliyembeba kuwa ananuka jasho, akaenda zake. Hawakusemezana mwaka mzima. Tulimwomba dada yetu afumbe jicho moja tu. Akasema hilo ndilo analosomea kipimo.

Siku ya kumuaga, keki imeshakatwa nusu, mzee aliingia na gunia begani. Hakusalimu mtu. Alilitua mbele ya mdogo wake akasema, "Pima."

Wageni waliachwa na sahani mikononi dakika arobaini. Sote tulijua kipimo hicho kingeamua kama ndugu hawa watatengana tena au watapatana. Alirudi na karatasi: kumi nukta nne. "Kaka, bado," alisema.

Mzee aliisoma mara mbili. "Haya. Kesho uje tulikaushe wote. Si huna kazi tena?"

Kesho yake dada alikwenda.

Dada, ahsante kwa kutuchosha. Tunakuombea afya, utulivu na siku ndefu kivulini pamoja na kaka yako. Gunia likishuka hadi kumi, lileteni. Likizidi, tutawarudishia.